Ziwa ni Letu, Njia ni ya Nani?

Wiki ya mwisho ya likizo tulikuwa wanne: mimi, binamu yangu, na washkaji wawili wa Shinyanga mjini ambao, amini usiamini, walikuwa hawajawahi kukanyaga mchanga wa ziwa. Mtu kazaliwa Ngokolo, kasoma Shinyanga mpaka kidato cha sita, maji anayokunywa kila siku yanavutwa kwa bomba kutoka Ihelele kule Misungwi, yaani Ziwa Victoria hilo hilo, lakini ziwa lenyewe kaliona kupitia dirisha la basi tu. Nikawaambia twendeni kwa bibi yangu, upande wa Geita, mkaogelee mpaka mchoke.

Njia ya kwenda ziwani kutoka kwa bibi naijua hata usiku. Unashuka kwenye mihogo, unakata kushoto penye mkonge, unafuata mikanyago ya ng'ombe, dakika kumi umefika. Safari hii tulipotoka kwenye mkonge tukakuta ukuta wa tofali, geti la bluu, na mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Dogo, hapa ni mali ya mtu. Kuingia elfu tano kila mmoja, na vinywaji mnanunua humu humu."

Nikamwamkia, nikamwambia, mzee, sisi baa hatuendi, tunaenda ziwani tu. Akanitazama kwa huruma, kweli hakuwa mtu mbaya.

"Ziwa liko ndani."

Elfu ishirini kwa watu wanne, mwisho wa likizo, bumu bado halijasoma. Tukarudi kwa bibi tukala matobolwa. Nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Alisema yeye siku hizi anachota bombani, ziwa kawaachia wenyewe. Hilo neno "wenyewe" limenikaa kichwani mpaka leo. Bibi amefua nguo pale tangu aolewe. Mama yangu amejifunza kuogelea pale. Sasa pale pana wenyewe, na bibi si mmoja wao.

Niliporudi chuoni nikaenda maktaba kuzisoma sheria, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka kujua kama hasira yangu ina msingi. Ina msingi nusu. Nitaeleza.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Namba 4, inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Sheria hiyo hiyo inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60. Kwa hiyo mtu akijenga baa ya zege miguu yake ikiwa majini, ana kesi ya kujibu. Wengi tunaishia hapo. Tukisikia "mita 60" tunadhani ufukwe umeshalindwa, tumemaliza.

Hatujamaliza. Mita 60 zinakuambia nini kisijengwe. Hazikuambii wewe utapita wapi. Kama viwanja vyote vilivyo nyuma ya zile mita 60 vina hati, vina ukuta, vina geti, basi ule ukanda ni wa umma kwa maandishi tu. Kuufikia labda uje na mtumbwi. Mwenye geti la bluu inawezekana kabisa hajavunja sheria yoyote. Amenunua shamba, amejenga nje ya mita 60, analipa ushuru, ameajiri vijana wawili wa kijijini. Njia yetu ilikuwa inapita katika shamba la mtu tangu zamani, shamba likauzwa, njia ikaenda nalo. Hakuna aliyeiandika popote. Ilikuwa njia kwa sababu watu walikuwa wanapita.

Na hili haliko kwetu tu. Florida kule Marekani, jimbo lenye fukwe ndefu kuliko unavyoweza kufikiria, katiba yao inasema ufukwe ulio chini ya alama ya wastani wa maji kujaa unashikwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya watu wote. Mchanga uliolowa ni wa kila mtu. Mchanga mkavu, hatua chache tu juu yake, unaweza kuwa wa mwenye nyumba. Mwaka 2018 walipitisha sheria iliyozitaka halmashauri zao, kabla ya kuwatambulia watu haki ya kuutumia mchanga mkavu kwa sababu wameutumia miaka na miaka, zipite kwanza mahakamani kuthibitisha. Majirani wakaanza kuitiana polisi kwa sababu ya mtu kutandika taulo. Lakini kuna kitu kimoja wanacho ambacho sisi hatuna: miji yao mingi ya pwani ina vijia vya umma vilivyochorwa kwenye ramani, katikati ya nyumba na nyumba, na kibao mwanzoni kinachokuambia pita. Tajiri ana nyumba yake, na wewe mwenye ndala zako unapita pembeni ya ukuta wake mpaka majini.

Hicho kijia ndicho ninachokitetea hapa. Sisemi watu wanyang'anywe viwanja wala hoteli zivunjwe, maana najua kuna watakaosoma kichwa cha habari tu halafu waniite mpinga maendeleo.

Rafiki yangu mmoja anayesoma uchumi nilimwonyesha rasimu ya makala hii akacheka. Akasema kitu cha bure hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinaharibika. Akanipa mfano wa ufukwe fulani wa bure tunaoujua wote: chupa, pampasi, mifuko, harufu. Ukilipa elfu tano, akasema, unapata choo, kivuli, na mtu wa kukuokoa ukizama. Ni hoja nzito na sitaipita juu juu. Ziwa letu lina kichocho, lina mamba sehemu sehemu, na kila mwaka linaua watoto. Ufukwe usiosimamiwa si zawadi kwa mtu.

Lakini mimi mama yangu kaolewa Shinyanga, na Shinyanga ndiyo mahali pa mwisho duniani pa kuniambia kitu cha wote lazima kiharibike. Wasukuma wana ngitili. Wanaotoka kanda nyingine niwaeleze: ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, halafu linafunguliwa kiangazi ng'ombe wasife. Kuna ngitili za mtu binafsi na kuna za kijiji. Za kijiji zina kanuni, zina walinzi, na anayezivunja anaitwa mbele ya dagashida, mkutano wa jadi, anatozwa faini huku majirani wanamtazama. Mfumo huo uliyumba sana watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, miti ikafyekwa, mkoa ukawa unaitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na jambo la maana walilofanya ni kurudi kwenye ngitili badala ya kuwaletea watu kitu kipya. Zilikuwa zimebaki hekta mia kadhaa tu zilizojulikana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Bila geti la bluu. Kwa hiyo rafiki yangu mchumi amekosea neno moja: kitu cha bure kinaharibika kikikosa kanuni. Kiingilio ni aina moja tu ya kanuni, na ni ile inayomtoa bibi yangu kwanza.

Tuseme sasa kuhusu mjini, maana si wote mna bibi karibu na ziwa. Huku kwenye mikoa ya dhahabu tumekuwa hodari wa kuzungushia uzio. Mwadui ina uzio tangu enzi za Williamson na almasi zake za mwaka 1940. Migodi ya dhahabu ina uzio, na hapo naelewa, shimo la mgodi si mahali pa kucheza. Uwanja mkubwa wa Shinyanga unaitwa CCM Kambarage, jina lenyewe linakuambia ni wa nani. Buzwagi pale Kahama ilianza kuchimba dhahabu mwaka 2009, ikafunga mwaka 2021, na eneo likapangwa kuwa ukanda wa viwanda. Vizuri, tunahitaji ajira. Ila katika mazungumzo yote niliyowahi kuyasikia kuhusu ardhi ile, sijasikia mtu akiuliza kama Kahama itapata hata bustani moja ya kukaa chini ya mti bila kununua soda.

Mnaweza kuona ni anasa, bustani wakati zahanati hazitoshi. Ngoja niwaambie kwa nini mimi siioni hivyo. Miaka minne iliyopita mdogo wangu wa kiume, wakati huo ana miaka tisa, alitolewa kwenye shimo la moram lililokuwa limejaa maji ya mvua. Mkandarasi alikuwa amechota moram ya barabara, akaondoka, shimo likabaki. Mtaani kwetu palikuwa na eneo la wazi ambalo sisi kaka zake tulichezea mpira. Lilikatwa viwanja nikiwa kidato cha pili. Watoto wakahamia kwenye shimo. Mdogo wangu alivutwa mguu na fundi baiskeli aliyekuwa anapita, akatapika maji, akapona. Mwenzake waliyekuwa naye alikaa wiki moja hospitalini. Ukiniambia mahali pa watoto kucheza ni anasa, mimi nalifikiria lile shimo, na lile la bibi nalo, maana watoto wa kijijini siku hizi wanaogelea kwenye maduara ya zamani ya wachimbaji wadogo kwa kuwa ziwani kuna mlinzi.

Tufanye nini? Jirani zetu walishawahi kuonyesha. Mwaka 1989 Nairobi, serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaanza kuandika barua. Barua tu. Alitukanwa bungeni, akaitwa majina, shirika lake likafukuzwa ofisini. Mwishoni wafadhili wa nje wakajitoa, jengo likafa, bustani ipo mpaka leo. Na ile ilikuwa vita dhidi ya serikali nzima ya chama kimoja. Sisi hatuhitaji vita ya namna hiyo, kwa sababu moja ambayo nadhani wengi hawaijui.

Sehemu kubwa ya mwambao wa Geita bado ni ardhi ya kijiji. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kijiji hicho hicho kinaweza kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja: malisho, makaburi, mwalo wa wavuvi, na ndiyo, njia ya kwenda ziwani yenye upana wa mkokoteni. Wavuvi wa dagaa wanaihitaji kuliko mimi muogeleaji. Wao wanahitaji na mchanga wa kuanikia. Ikishaandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, anayenunua shamba anainunua ikiwa tayari na njia. Dar wamechelewa, wanagombania vipande vilivyobaki. Huku bado mapema, ila si kwa miaka mingi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, foleni ya kivuko imeisha, na wenye pesa wa Mwanza wanavuka Jumamosi asubuhi kuangalia viwanja.

Pesa pia ipo. Sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya mgodi ikubaliane na halmashauri kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii. Madawati, sawa. Madarasa, sawa. Sijaona dhambi ya kuweka humo vyoo viwili, kivuli na boya la uokoaji kwenye ufukwe mmoja wa kijiji.

Wenzangu mnaosoma mipango miji na sheria, mnapoenda field mnakaa wiki nane ofisi za ardhi mkipanga mafaili. Ombeni mwone michoro ya kata za ziwani. Angalieni njia zilizochorwa, halafu nendeni mkaone kama zipo. Mimi nasoma ualimu, sina utaalamu huo, lakini nimempigia mjomba anayekaa kwa bibi nikamwuliza mkutano mkuu ujao ni lini na kama ajenda ya njia inaweza kuingia. Akasema mwenyekiti hapokei maneno ya simu, niandike barua, nipitishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Barua nimeiandika kurasa mbili. Bibi ameomba nimsomee kabla sijaituma, kwa sababu anasema nimesahau kutaja ule mkonge.