Subira Haikukataza Dawa

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii twaijua sote, lakini maumivu twayaficha, tena twajisifu kwayo.

Nilikwenda Entarara, katika Kajiado, kumtazama mpwa wangu aliyeolewa huko. Alikuwa wiki ya tatu tangu kukatwa titi kwa saratani. Nilimkuta ameukumbatia mkono kifuani kama kuku aliyevunjika bawa. Nikamwuliza habari ya dawa.

"Mjomba, ziko chini ya mto. Naogopa kuzizoea. Mama mkwe aniambia nijikaze, nami nasubiri."

Usiku halali, kwapa lamwaka moto, na mkono haupandi hata kujitanda mtandio.

Ndugu wasomaji, hiyo si subira. Nabii Ayubu, alayhi salaam, ambaye tangu chuoni twafundishwa kuwa ndiye kigezo cha subira, hakunyamaza. Alimwita Mola wake akamweleza dhara iliyompata. Ikiwa yeye alisema, sisi ni nani hata tufunge midomo mbele ya daktari?

Mwaka 1811 mwandishi wa Kiingereza, Fanny Burney, alikatwa titi mjini Paris bila dawa ya usingizi. Leo mgonjwa hulazwa usingizi, na aweza kupigwa sindano ya ganzi kifuani ili aamke na nafuu. Kisha dawa hunywewa kwa saa zake, si kungojea mpaka maumivu yamshinde. Na ule moto wa kwapani mara nyingi hutokana na mishipa ya fahamu iliyoguswa na kisu. Una dawa zake mbali, ila daktari hataujua asipoambiwa. Maumivu yakitulia ndipo mgonjwa aweza kuunyoosha mkono kama alivyofundishwa, usije ukakakamaa.

Ama hofu ya ulevi, dawa kali kama mofini, ikitolewa kwa kipimo na kwa uangalizi wa daktari, si kileo cha starehe. Na fiqhi yatwambia kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa. Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990, na kutuliza maumivu ya wenye saratani ni katika kazi zake kubwa.

Mpwa wangu alizitoa dawa chini ya mto, akaenda kumweleza daktari yote. Juzi mumewe alinipigia simu: amelala hadi alfajiri. Alhamdulillahi.

Nanyi waume na mama wakwe, msimwambie mgonjwa ajikaze. Mwulizeni panapouma.