Wasiwasi si Kipimo cha Imani

"Mwenye imani hana wasiwasi." Kauli hii husikika madhabahuni, kwenye jumuiya na katika makundi ya WhatsApp ya kwaya, na wengi huiitikia amina. Mimi naipinga, na naipinga nikiwa Mkristo. Ni fundisho baya, linalowaumiza walewale linaodai kuwaponya.

Mtazame anayelibeba. Usiku moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi inakatika, maana mwili umemwaga adrenalini kana kwamba simba yuko mlangoni. Hiyo ni dhiki moja. Sasa mtumishi anamwambia ana pepo la hofu, au anatenda dhambi ya kutomwamini Mungu. Tangu siku hiyo kila pigo la moyo ni ushahidi dhidi yake. Anajichunguza: je, bado naogopa? Na kule kujichunguza ndiko kunakoiamsha hofu upya, mpaka anaiogopa hofu yenyewe. Wanasihi wanalijua vizuri duara hili. Anaambiwa afunge na kukesha; njaa na kukosa usingizi vinauelemea mwili uliokwisha kuchoka. Akiombewa mara tatu bila nafuu, anaacha kusema. Ibadani anatabasamu, na watu wanamsifu kwamba amefunguliwa.

Watetezi wa fundisho hili hukimbilia Wafilipi sura ya 4, panaposema tusijisumbue kwa neno lolote. Naomba waisome barua nzima. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, na katika sura ya 2 anakiri kwamba anamrudisha Epafrodito, aliyeugua karibu na kufa, ili huzuni yake yeye Paulo ipungue. Wakorintho nao aliwaeleza bila kuficha kuwa kule Asia mzigo ulimzidi hata hakutarajia kuishi. Eliya, chini ya mretemu, aliomba afe. Malaika hakumkemea: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani, na bado imo katika Biblia zetu. Je, nayo tuiite ukosefu wa imani?

Kanisa hapa Tanzania lilikwisha kulielewa jambo hili zamani. Lutindi, milimani Usambara mkoani Tanga, wamisionari walianza na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliosali na kutibu hawakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Ugomvi tumeuleta sisi.

Simwambii mtu aache maombi. Wako waliopata amani katika usiku mmoja wa sala, na siwabishii. Lakini usiku wao usigeuzwe fimbo ya kuwachapia wengine. Mnasihi Mkristo anayejua kazi yake huuliza hofu ilianza lini, na mtu ameacha kufanya nini kwa sababu yake. Anayeogopa kupanda daladala humsindikiza kituo kimoja, kesho viwili, akimfundisha kupumua polepole, mpaka mwili ujifunze kwamba hatari haipo. Kisha huomba naye, na kuitaja hofu kwa jina lake: deni la vikoba, ada ya mtoto, mume asiyerudi. Mara nyingi kinachoogopwa kipo kweli, na sala inayokiruka haimfikii anayeomba. Daktari akiona dawa inahitajika, basi anywe dawa.

Wachungaji, ninayowaomba yako ndani ya uwezo wenu. Msimwambie mtu aache vidonge. Kuviacha ghafla kunaweza kumrudishia ugonjwa kwa nguvu zaidi. Mjue mnasihi na kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nanyi, na mtu akija analia, mpelekeni wenyewe. Na Jumapili, kwenye kipindi cha shuhuda, mpeni kipaza sauti pia yule ambaye bado hajapona, anayehudhuria kliniki kila mwezi na hajaacha kuomba.