Kimai si Neno la Mtihani

Msomaji kijana, ukiulizwa katika mtihani maana ya kimai, utajibu bila kusita kuwa ni wimbo wa wanamaji, na jibu lako litapata alama. Lakini ukiombwa kuimba ubeti mmoja tu, huenda ukanyamaza. Kama u mwana wa Mtopanga, katika Kisauni, jirani ya ufuo wa Bamburi, kimya hicho ni aibu; wala aibu hiyo si yako peke yako. Ni yetu sisi tuliokufunza jina tukakunyima kitu chenyewe.

Wako wasemao kuwa nyimbo hizo zilikuwa pumbao la watu wasiosoma. Wasemao hivyo hawajapata kushika henza. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu tena mzito, na foromali hiyo hupandishwa mlingotini kwa mikono ya watu wengi. Watu ishirini wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, nguvu zao hupotea bure, kwani huyu avutapo yule amelegeza. Basi mmoja huanzisha wimbo, wenzake huitikia, na kila kiitikio kinapofika migongo yote huinama pamoja, nayo foromali hupanda. Methali yasema umoja ni nguvu. Wimbo ulilitenda jambo ambalo methali hulisema. Ulikuwa chombo cha kazi, sawa na kamba na kasia, wakati wa kutweka tanga, kung'oa nanga na kushua mashua.

Wengine, wenye busara zaidi, husema: mashine imekuja, kazi imekwisha, wimbo nao na uende. Nakiri nusu ya hoja hiyo. Zama za majahazi mengi kuingia Bandari ya Kale ya Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwa kusi zimepita, na vyombo vingi leo huendeshwa kwa injini. Lakini injini imetuondolea uzito wa tanga. Haikutuamuru tuitupe lugha. Henza, demani, ngama, shetri na omo ni maneno yaliyoishi midomoni mwa watu kazini. Midomo hiyo ikinyamaza, yatabaki katika kamusi tu.

Tazama wenzetu wa Bahrain. Kazi ya kuzamia lulu iliporomoka huko katika miaka ya 1930, soko la lulu lilipoanguka. Hata hivyo nyimbo za wazamiaji wale, ziitwazo fijiri, huimbwa hadi leo, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kazi ilikufa, wimbo haukufa, kwa kuwa wenyewe walikataa ufe.

Nasi je? Mwishoni mwa mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akasafiri nalo hadi Unguja na Rufiji, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1940 akaeleza jinsi mabaharia walivyoimba kazini. Mgeni alisikiliza akaandika. Wenyeji twangoja nini?

Sikuombi uache injini wala simu. Nakuomba simu hiyo hiyo uipeleke pwani. Siku moja ya mapumziko nenda Bamburi au Mtwapa, umwamkie kwa heshima mvuvi mzee atengenezaye nyavu zake, umwombe wimbo aliojifunza ujanani. Urekodi sauti yake, uandike maneno, uulize maana ya kila neno usilolijua, na kazi gani ilifanywa kwa wimbo ule. Kisha uupeleke darasani, mwuimbe pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia.

Fanya hivyo mwaka huu. Mzee akiisha kuondoka, waitikiaji watakuwapo tele, lakini hatakuwapo wa kuanzisha.