Tone la Damu Kisiginoni

Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, alinijia baada ya sala ya alasiri akiwa ameishika simu kwa mikono miwili kama aliyebeba kikombe kilichojaa. Binti yake amejifungua Uingereza, mtoto wa kiume, wa kwanza. Jina lilikwishatolewa, mbuzi wa akika alikwishachinjwa huku kwetu Mombasa, na mzazi alikuwa karibu kutoka arubaini. Ndipo barua ikamfikia kutoka hospitali, naye akaipiga picha na kumtumia mamake. Bibi hasomi Kiingereza, lakini jina la ugonjwa wa selimundu alilitambua, kwa kuwa amelisikia mara nyingi kwenye wadi za watoto.

“Mwanangu, nisomee,” akaniambia. “Wala usinifiche.”

Nikamsomea. Barua haikusema kuwa mtoto ni mgonjwa. Ilisema kuwa amerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, na kutoka kwa wa pili amerithi ya kawaida. Mtoto wa namna hiyo huishi maisha yake kama wenziwe. Tena chembe hiyo moja humkinga kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na ndiyo sababu imeenea sana katika nchi zenye mbu kama yetu. Ugonjwa huja pale mtoto anaporithi chembe mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Bibi akashusha pumzi. Kisha akauliza swali lililonikosesha usingizi usiku ule: “Wamejuaje, na mtoto hata kukohoa hajakohoa? Mimi nimezaa saba na hakuna hata mmoja aliyepimwa hivyo.”

Wamejua kwa sababu siku ya tano ya maisha yake mkunga alimchoma kisiginoni kwa kisindano kidogo, akadondoshea matone manne ya damu kwenye kadi ya karatasi nzito ya kufyonza. Damu ikakauka, kadi ikatiwa katika bahasha na kupelekwa maabara. Huko kila mtoto hupimwa hivyo, isipokuwa wazazi wakikataa. Nilipoanza kusoma habari za kadi hiyo ndipo nilipolikuta jarida la kitaalamu ambalo sikuwahi kulisikia, nalo ndilo nililokusudia kuwaeleza leo.

Lakini kabla ya jarida walikuwapo akina mama. Katika miaka ya 1930 huko Norway, Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag, ambao akili zao hazikukua, na mikojo yao ilikuwa na harufu ngeni. Alihangaika kwa matabibu mwaka baada ya mwaka, hata akafika kwa Asbjørn Følling, tabibu aliyekuwa pia mjuzi wa kemia. Følling hakumpuuza. Mwaka 1934 alieleza ugonjwa ambao leo huitwa fenilketonuria: mwili unashindwa kuvunja sehemu moja ya protini, fenilalanini, ikajikusanya katika damu na kuudhuru ubongo. Kwa Liv na Dag muda ulikuwa umekwishapita.

Mama wa pili aliishi Birmingham, Uingereza, miaka ya mwanzo ya 1950. Binti yake, Sheila, alikuwa na ugonjwa huohuo. Daktari Horst Bickel alipomwambia kuwa jina la ugonjwa limejulikana ila dawa haijulikani, hakukubali. Kila asubuhi alikuja kumngojea mlangoni pa maabara akitaka mwanawe atibiwe. Bickel na wenzake wakalazimika kutengeneza chakula kisicho na fenilalanini nyingi, na mtoto akaonyesha nafuu. Ikadhihirika kuwa ugonjwa huu huzuiwa kwa chakula, mradi mtoto aanzishiwe mapema, kabla ubongo haujaharibika. Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe, kwani katika siku hizo za mapema mtoto haonyeshi chochote. Ananyonya, analala, anabembelezwa, na kila anayekuja kumtazama husema mashallah.

Aliyeukata mzizi huo ni Robert Guthrie wa Buffalo, katika jimbo la New York. Alikuwa na mwana mwenye ulemavu wa akili, na binti wa shemeji yake alikutwa na fenilketonuria ilipokuwa imechelewa. Akabuni njia ya kupima kwa tone la damu lililokauka karatasini: huwekwa juu ya bakteria ambao hawawezi kuota ila wakiipata fenilalanini kwa wingi, na bakteria wakiota kulizunguka tone, mtoto yule atafutwe haraka. Habari hiyo aliitangaza kwanza mwaka 1961 kwa barua fupi tu katika jarida la madaktari la Marekani, na makala kamili yakatoka mwaka 1963 katika jarida la tiba ya watoto. Kufikia wakati huo watoto wapatao 400,000 walikuwa wamepimwa katika majimbo 29, wakapatikana 39. Mtu anaweza kusema 39 ni wachache. Mama wa mmoja wao asingesema hivyo.

Baada ya hapo elimu hii ilitawanyika. Jean Dussault wa Quebec, Kanada, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa kadi ileile yaweza kumgundua mtoto ambaye tezi yake ya shingoni haifanyi kazi, naye akipewa kidonge kila siku akili yake husalimika. Katika miaka ya 1990 zikaja mashine za kupima magonjwa mengi kwa tone moja. Lakini makala ya haya yote yalichapishwa huku na kule: ya damu katika majarida ya damu, ya tezi katika majarida ya tezi, ya gharama kwa wanauchumi. Shirika la kimataifa la wataalamu wa upimaji huu liliundwa mwaka 1988, likawa likikutanisha watu kwa mikutano. Hata hivyo bado lilihitajika jarida la kuwakusanya wote mahali pamoja.

Jarida hilo likaanza mwaka 2015. Huitwa International Journal of Neonatal Screening, huchapishwa na kampuni ya MDPI yenye makao yake Basel, Uswisi, na hutoka mara nne kwa mwaka. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kuwa makala yake husomwa bure na yeyote mwenye intaneti. Muuguzi wa zahanati ya kijijini husoma yaleyale asomayo profesa wa Ulaya. Nikiri kuwa bure hiyo ina mlipaji wake: ni mwandishi au taasisi yake ndiyo hulipia kuchapishwa. Mwenye maabara masikini huenda akasoma sana na kuandika kidogo, na hilo lina madhara yake katika yale tunayoyajua na tusiyoyajua kuhusu watoto wetu.

Nilidhani nitakuta majina ya magonjwa na hesabu tu. Nilikuta mambo ambayo hata mama wa nyumbani angeyauliza. Kadi huchukua siku ngapi kutoka wadini hadi maabara, na joto huifanya nini njiani? Mzazi aliyeambiwa kwa makosa kuwa mwanawe ni mgonjwa hubaki na hofu kiasi gani hata baada ya kuondolewa shaka? Nani ampigie simu, na amwambie kwa maneno gani? Na jarida limepanuka mwaka hata mwaka: toleo zima la pekee limehusu selimundu na magonjwa ya damu ya ukoo wake, mwaka 2021 yakatoka makala yaliyopima hali ya nchi za Ulaya, na mwaka 2024 Bradford Therrell na wenzake wakachapisha humo makala marefu yanayoizunguka dunia bara kwa bara, nchi kwa nchi, kuonyesha nani anapima nini. Ukiisoma sehemu ya Afrika kusini mwa Sahara baada ya ile ya Ulaya, ni kama kutoka nyumba yenye taa kila chumba ukaingia yenye mshumaa mmoja.

Mshumaa wenyewe haujazimika. Kinshasa, daktari Léon Tshilolo na wenzake walichapisha mwaka 2009, katika jarida jingine, matokeo ya kuwapima selimundu watoto wachanga 31,204. Na karibu nasi zaidi, Kilifi, watafiti waliwapima watoto 15,737 wa umri wa miezi 3 hadi 12 kati ya miaka 2006 na 2011, wakawakuta 128 wana ugonjwa wa selimundu. Gawanya mwenyewe, utaona ni karibu mtoto mmoja katika kila 123. Matokeo hayo, yaliyotangazwa mwaka 2019, yalionyesha pia kuwa wagonjwa waliosajiliwa kliniki walikufa kwa uchache mno kuliko wale ambao hawakusajiliwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao, “Heri kutojua.” Maneno hayo nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, nayo hayatoki katika ujinga. Yanatoka katika huruma: kwa nini umtie mzazi majonzi akiwa bado kitandani? Ingekuwa ni ugonjwa usio na la kufanywa, ningenyamaza. Lakini tangu mwaka 1986 imethibitishwa Marekani kuwa penisilini ya kila siku, ikianzwa utotoni, huwakinga watoto hawa na maambukizi ya ghafla yanayowaua kabla hata wazazi hawajajua wana nini. Utafiti ule ulisimamishwa mapema kwa jinsi nafuu ilivyokuwa wazi. Iko pia haidroksiurea, dawa iliyojaribiwa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, ikapunguza maumivu na vifo. Mtoto asiyejulikana hapewi lolote kati ya hayo. Hutibiwa malaria, kisha nimonia, kisha malaria tena, na mamake akaambiwa hamlishi vizuri.

Hapa kwetu Kenya bado hakuna mpango wa taifa unaompima kila mtoto azaliwaye. Kwa hiyo mzazi hana budi kuuliza mwenyewe, hasa ikiwa katika ukoo yuko aliyekuwa akilalamika mifupa na macho kuwa manjano, au mtoto aliyefariki bila sababu kueleweka. Kipimo cha kutambua aina ya hemoglobini kipo katika hospitali kubwa. Na kwetu sisi tunaooana binamu kwa binamu, swali hili laweza kuulizwa hata kabla ya posa kukamilika: wote wawili wakiwa na chembe moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa. Saudia wachumba hupimwa kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na majibu hayawazuii kuoana. Huwaonyesha njia tu.

Nilimrudia bibi siku mbili baadaye nikamweleza haya, nikiyafupisha kadiri nilivyoweza. Alisikiliza huku akichambua mchele. Nilipomaliza, akaniuliza chembe ile imetoka kwake au kwa marehemu mumewe. Nikamwambia huenda haikutoka kwa yeyote kati yao, bali kwa upande wa baba wa mtoto; na kuwa binti na mkwewe wanaweza kupimwa huko wajue, kabla ya mimba ya pili. Akanyamaza, akaendelea na mchele wake.

“Na hawa sita walio hapa,” akasema hatimaye, “kubwa lao lina mchumba.” Akaweka ungo chini, akaitafuta simu. Alitaka kujua kliniki hufunguliwa saa ngapi.