Cheti kipo ukutani, mfamasia yuko wapi?

INGIA famasi ya mjini leo, iwe Sinza, Kirumba au Mwanjelwa, kisha inua macho utazame ukutani. Mara nyingi utaona cheti ndani ya fremu, kina muhuri na jina la mfamasia. Sasa shusha macho kwenye kaunta. Aliyesimama pale ni binti wa watu, hana koti jeupe, hana cheti, na swali lake kwako ni moja tu: "Kaka, nikupe ya shilingi ngapi?"

Hakuuliza unaumwa nini. Hakuuliza una mzio wa dawa gani, wala kama kuna dawa nyingine unayomeza. Ameuliza mfuko wako. Ukisema una elfu mbili, anakata karatasi ya vidonge kwa mkasi, anakupa vinne, na wewe kijana mjanja wa mjini unatoka unapiga mluzi.

Mwenye cheti yuko wapi? Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa. Lakini kila mtu kijiweni anajua kwamba wapo waliokodisha majina yao kwa malipo ya mwezi, kama mtu anavyokodisha teksi. Cheti kinakaa kazini, mwenyewe yuko kwenye shughuli zake. Baraza la Famasi limekemea mtindo huu mara nyingi. Mtindo haujafa.

Ni rahisi kumtukana mfamasia huyo na kuishia hapo. Sisi leo tunataka kuuliza swali linalowahusu wakubwa zaidi: huyu mfamasia ametengenezwaje?

Anasoma miaka minne ya digrii, Muhimbili au chuo kingine. Akimaliza, anafanya mwaka mmoja wa utarajali, na sehemu kubwa ya mwaka huo hupita kwenye hospitali kubwa. Huko anajifunza stoo, anajifunza wodi, anajifunza kutembea nyuma ya daktari bingwa. Si haba. Kisha anapewa usajili na kuachwa barabarani. Ajira ya Serikali ni ya kubahatisha, mtaji wa kufungua duka lake hana. Tajiri mwenye famasi anamwambia, "Nipe jina lako, kila mwezi nitakutumia kitu kidogo." Kijana wa watu mwenye deni la Bodi ya Mikopo mgongoni afanye nini?

Hakuna aliyemfundisha kusimama kwenye kaunta ya mtaani na kuzungumza na mgonjwa anayetembea. Na wagonjwa wengi wa nchi hii ndio hao wanaotembea. Hawalazwi. Wanakuja kwa miguu, wanapewa mfuko wa dawa, wanarudi nyumbani, na kuanzia pale dozi inakuwa siri kati yao na Mungu.

Twende Munanila. Msomaji wa Dar es Salaam usitukunjie uso, pana watu kule. Ni milimani, kwenye baridi, jirani kabisa na Burundi. Ilikuwa wilaya ya Kasulu, na tangu 2012 iko wilaya mpya ya Buhigwe. Buhigwe hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka bungeni Dk. Philip Mpango mwaka 2020, na miezi michache baadaye akawa Makamu wa Rais hadi 2025. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba wakubwa hawaijui njia ya kufika huko.

Tuseme mama wa Munanila amepata malaria na kupewa dawa mseto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Anameza vinne, anarudia vinne baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inatakiwa aile dawa na chakula, hasa chenye mafuta kidogo, au anywe na maziwa, ndipo mwili uinyonye vizuri. Maelezo haya yanachukua dakika mbili. Asipoelezwa, siku ya pili homa ikishuka ataacha, na vidonge vilivyobaki atavifunga kwenye kitambaa, avitunze kwa ajili ya mtoto atakayeumwa mwezi ujao. Si ujinga wake huo. Ni ubahili wa masikini, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii ubahili una madhara.

Au mchukue mgonjwa wa VVU anayemeza dawa zenye dolutegravir mara moja kwa siku. Amepata kifua kikuu, ameanzishiwa rifampisini. Rifampisini huifanya dolutegravir ipungue mwilini, kwa hiyo lazima aongezewe kidonge kingine cha dolutegravir baada ya saa 12. Kliniki watampa. Lakini akifika nyumbani, akaona vidonge vimekuwa vingi, akadhani amezidishiwa kwa makosa akakiacha kile cha pili, nani atajua? Huyo ndiye mgonjwa anayehitaji mtu wa dawa aliye karibu, anayemjua kwa jina, atakayemwambia, "Mzee, hebu leta huo mfuko tuhesabu pamoja."

Na kuna wa sukari. Insulini inataka ubaridi na nyumba haina friji. Watu wa nchi zenye joto wana maarifa yao, wanaihifadhi kwenye chungu. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo waliyoyapata kwa kufuata hali ya joto ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Dadaab, huko Kenya: insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne hata joto lilipopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Habari hiyo ni ukombozi kwa mtu wa kijijini. Lakini habari haitembei yenyewe. Inahitaji mfamasia aliyeisoma, kisha akaenda akakaa na mgonjwa akaangalia chungu chake.

Wenzetu wameliona jambo hili zamani. Uingereza mhitimu wa famasi hafanyi kazi peke yake mpaka amalize mwaka mzima chini ya mlezi, akilipwa, na mwaka huo anaweza kuumaliza kwenye duka la dawa la mtaani, si lazima hospitali. Marekani wana kitu wanachokiita rezidensi: mfamasia aliyekwisha kuhitimu anajiunga kwa hiari yake kwa mwaka mmoja au zaidi, analipwa pungufu ya mshahara kamili, lakini anapikwa akaiva. Zilianzia kwenye mahospitali, na viwango vyake vimekuwapo tangu miaka ya 1960. Siku hizi zipo rezidensi za kliniki za wagonjwa wa nje na za maduka ya mitaani pia. Mtu anajifunza kukaa na mgonjwa wa presha, kupitia dawa zake zote moja moja, kumpima, na kumpigia daktari kumwambia kwamba dawa hii na ile hazipatani.

Tusidanganyane, hatutaki kuiga kila kinachotoka kwa Wazungu. Hata sisi tuliwahi kufanya jambo la maana. Mwaka 2003, pale Ruvuma, ulianzishwa mpango wa Duka la Dawa Muhimu kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yanauza chochote kwa yeyote. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, orodha ya dawa wanazoruhusiwa ikawekwa. Mpango ukaenea mikoa yote, na nchi nyingine za Afrika zikaja kuangalia tulivyofanya. Hilo tunalisifu bila kuumwa tumbo.

Lakini muuzaji wa duka hilo alipewa mafunzo ya wiki chache, naye ndiye aliyebeba mzigo wa vijiji. Anauza mseto, anauza amoksilini. Mwenye miaka minne ya digrii yuko mjini, jina lake limetundikwa ukutani. Mwenye wiki chache yuko mlimani peke yake na watu wanaougua. Hivi hii ni akili?

Mzee yeyote wa Buha atakueleza mkoloni alivyoihesabu nchi yao. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye vijana wa Kiha wakapakiwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Mkoa ukawa ghala la vibarua wa watu wengine. Leo kijana wa Kasulu au Kibondo akifaulu sayansi anaondoka kwa njia ile ile, anasoma famasi, na hana sababu yoyote ya kurudi. Hakuna nafasi aliyoandaliwa.

Sasa tunasema hivi. Utarajali wa mwaka mmoja ubaki, na juu yake Serikali ianzishe mwaka wa pili kwa wafamasia wapya watakaopenda, wa kazi za kliniki za nje na maduka ya mitaani. Miezi michache wakae hospitali ya mkoa, Maweni, kwenye kliniki za presha, sukari na VVU. Kisha wapande juu: Kasulu, Kibondo, Heri, Kabanga, na kutoka hapo wazungukie vituo vya afya na maduka ya dawa muhimu ya Munanila na vijiji vya jirani. Si kama askari wa ukaguzi wa kufunga maduka ya watu. Waende kama walimu wa yule muuzaji wa wiki chache. Kila mmoja awe na mlezi, mfamasia mkongwe anayewajibika kwa jina lake. Na mwisho wa mwaka yule kijana apewe cheti chenye uzito wa mshahara, maana cheti kisicho na uzito ndicho kinachoishia kukodishwa.

Tunajua jibu la wakubwa hata kabla hawajakohoa: "Fedha hakuna." Fedha ya mashangingi huwa ipo. Kwenye jambo hili, hata hivyo, ubahili una historia mbaya. Januari 2012 madaktari watarajali wa Muhimbili waligoma kwa sababu ya posho, moto ukasambaa kwa madaktari wengine, na mwaka ule mzima nchi ikaugua. Kenya nao, kuanzia Machi hadi Mei 2024, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kiligoma kwa siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa malipo ya watarajali. Mkataba wa 2017 ulitaja shilingi 206,400 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikataka kutoa 70,000. Kumpeleka kijana Munanila bila posho inayofika kwa wakati ni kumtuma akauze dawa za zahanati kwa mlango wa nyuma. Bora asiende.

Wewe msomaji wa mjini unaweza kusema hayo ni ya Waha na milima yao. Hebu kumbuka wiki iliyopita. Ulikohoa ukanunua Azuma bila cheti cha daktari. Jamaa yako alipata maradhi ya zinaa akaona aibu kwenda hospitali, akapewa vidonge viwili na rafiki. Mwingine alinunua dawa ya nguvu kwa siri kabla ya mechi, na hajui kwamba dawa hiyo ikikutana na dawa za moyo za aina ya naitreti inaweza kushusha presha hadi mtu akafia kitandani. Yeye kijana huenda hazitumii, lakini mjomba wake aliyeomba "nigawie kimoja" je?

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilisema hili katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Alihofu siku ambayo mtu yeyote ataweza kujinunulia penisilini dukani, ameze kidogo isiyotosha, vijidudu vyake vijifunze kuistahimili, kisha amwambukize mwenzake na dawa ishindwe kumponya yule wa pili. Ile siku aliyoihofu imefika, na kaunta yake ni ile ya "nikupe ya shilingi ngapi".

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mamilioni watakapokuja na kadi mkononi, watapewa dawa nyingi zaidi. Nyingi zaidi mikononi mwa nani?

Bajeti ya Wizara ya Afya husomwa bungeni mwezi Mei. Wabunge wa Buhigwe, Kasulu, Kibondo na Kakonko wasikae wakipiga meza tu. Wasimame wamuulize Waziri maswali matatu, na wasikae mpaka wapate namba. Ni wafamasia wangapi waliosajiliwa wanaofanya kazi mkoa wa Kigoma nje ya mjini? Ni vyeti vingapi vilivyotundikwa kwenye famasi za nchi hii ambavyo wenyewe hawakuonekana kazini siku ya ukaguzi? Na kati ya wahitimu wa famasi wa mwaka huu, Wizara imemtengea nani kitanda, mlezi na posho ya miezi 12 kule Munanila?