Washauri wa komini, andikeni wapi kunajengwa na wapi hakujengwe

Vijana wenzetu wa Bukavu,

Mvua imerudi, na tangazo limerudi pamoja nayo: wote wanaokaa kwenye sehemu za hatari waondoke. Sehemu gani? Kuanzia avenyu gani mpaka avenyu gani? Tangazo halisemi. Mama wa Nyamugo anasikia, baba wa Cimpunda anasikia, kila mumoja anaangalia mulima wa jirani na kusema hatari iko kule. Usiku udongo unashuka, asubuhi wakubwa wanakuja kutoa pole na kulaumu "ujenzi wa fujo".

Sisi tunauliza: fujo ya nani, kama hakuna aliyeonyeshwa mustari?

Tunaomba karatasi moja. Tunaiomba kwa washauri wa komini tuliowachagua tarehe 20 Desemba 2023, mwezi ule ule ambao mvua iliua watu Ibanda. Ni mwongozo wa ujenzi kwa kila komini, Ibanda, Kadutu na Bagira, ulioandikwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi ya kila kartie. Useme wapi kunajengwa, wapi hakujengwe, umbali gani na mutaro, umbali gani na ziwa, nani anasaini ruhusa na bei yake ni ngapi.

Watatuambia sheria ziko. Kweli ziko, tena nyingi. Kuko dekreti ya 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji. Kuko sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ambayo kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya serkali na hauuzwe, na cha 55 kinasema mali inayotumikia watu wote haiingii sokoni mpaka iondolewe kwa sheria kwenye ile kazi yake. Kwa hiyo kiwanja cha masomo, nafasi ya barabara na bustani ya watu wote si vya kukatia mutu parsele. Kuko pia sheria ya mazingira ya 2011. Na zile mita 10 za pembeni ya ziwa, nani hajazisikia? Nenda ukazihesabu mwenyewe kwa miguu ukitembea pembeni ya maji. Utagonga ukuta mbele hujafika tatu.

Sheria hizi zote ziko kwa Kifaransa cha mahakama, na hakuna hata moja inayomwambia mutu wa Kadutu: kwenye avenyu yako, hapa acha. Ile kazi ya kushusha sheria mpaka kwenye avenyu ndiyo inakosa. Mumoja wetu alienda kwenye ofisi moja ya muji huu kuuliza aone pulani ya kartie yake. Wakamwambia pulani iko Kinshasa. Aliporudi mara ya pili, pulani ilikuwa hapo hapo kwenye kabati, lakini kuiangalia kulihitaji "ya maji kidogo".

Na kuchelewa kuna bei. Sheria ile ya 1973, kifungu cha 227, inasema sertifika ya parsele ikimaliza miaka miwili haishambuliwi tena. Angalieni vile mambo yanaenda: karatasi inasainiwa kimya kimya, parsele inakaa wazi, mbuzi wanakula majani, watoto wanacheza mupira. Siku ukuta unapanda na nyinyi munaanza kupiga kelele, miaka miwili imekwisha kupita. Ndiyo maana hatutosheki na mwongozo peke yake. Kila ruhusa mupya ya kujenga ibandikwe pale pale kwenye kartie, siku ile inatolewa, na jina la aliyesaini.

Tukuje kwa Funu, juu watu wanafikiri ule mulima ni mapenzi ya Mungu tu. Wanasayansi waliupima, wakafuata mwendo wake kwa miaka karibu 70, na matokeo yakatangazwa 2022: udongo unatembea tangu zamani, lakini namna muji umejengwa juu yake imeongeza mwendo. Ni maji. Maji ya mvua yasiyo na njia, mabomba yanayovuja, maji machafu yanayoingia chini. Kwa hiyo swali la Funu si kuhamisha watu tu. Ni pia nani anatengeneza bomba, nani anafungua mutaro, nani anakataza etaje nyingine juu ya udongo unaotembea. Haya ni mambo ya kuandikwa kwenye mwongozo, mita kwa mita.

Na nyumba za zamani? Zile za avenyu Patrice Lumumba na za kwenye mikono ya ziwa, zenye kona za mviringo, za wakati muji uliitwa Costermansville? Wenzetu wengine wanacheka: munalilia nyumba ya mukoloni? Hapana. Waliobeba mawe yake ni babu zetu, hilo la kwanza. La pili, parsele zile zilikuwa na bustani na miti, mvua ilikuwa na pa kuingia. Leo parsele moja inakatwa tano, saruji inafika mpaka ukutani, na maji yote yanatumwa kwa jirani wa chini. Ordonanse ya 15 Machi 1971 inaruhusu serkali kuandikisha mali ya utamaduni na kuilinda. Komini inaweza kufanya orodha yake na kuipeleka juu. Haiombi dola milioni, inaomba daftari na mutu wa kutembea.

Tunajua hatari ya hili tunaloomba. Mwongozo mikononi mwa watu wabaya unakuwa kopo la rangi nyekundu: "à démolir" kwenye nyumba ya mbao ya mama mujane, na villa ya mukubwa kule pembeni ya ziwa haina hata tone. Ikiwa karatasi inakataza sehemu, ionyeshe pia wapi watu wataenda, na kazi ya kubomoa ianze kwenye maji, kwa wale walioweza kununua kwingine. Bila hiyo, sisi wenyewe tutasimama mbele ya nyundo.

Waheshimiwa washauri watasema hawana makuta, na kwamba Kadastre na Urbanisme wanapokea amri kwa wizara, si kwao. Tunaelewa. Lakini sheria ya 2008 inawapa mitaro, barabara na mambo ya komini kuyajadili, na kujadili hakuhitaji ruhusa ya Kinshasa. Watu wa kupima? Kati yetu kuko waliomaliza jiografia, sheria, ujenzi, na wanaamuka kila asubuhi bila kazi. Watapima, watatafsiri, bure.

Barua yetu inaingia kwenye komini zote tatu juma hili. Wewe unayesoma, piga picha ya mutaro uliozibwa, ya ukuta uliopasuka, ya kiwanja kilichozungushiwa bati usiku. Andika avenyu na tarehe, jina la jirani usiliandike. Utulete mbele ya Ijumaa.