Masikio yamekubali, mfuko unakataa!

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira. Jumamosi nilikuwa kwa fundi mmoja anayeunda amplifaya za gitaa kwa mkono. Akaja kiongozi wa bendi, akachomeka gitaa, akapiga, akaisifia sauti weee! Alipotajiwa bei akacheka: "Yaani nikulipe hela yote hiyo kwa boksi la mbao lisilo na jina?"

Hivi hayo majina mnadhani yalishuka kutoka mbinguni? Mwaka 1962, Jim Marshall, mpiga dramu mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, London, alikuwa na wateja, akiwemo Pete Townshend, waliotaka sauti kubwa na nzito zaidi. Ken Bran na kijana Dudley Craven wakaichunguza Fender Bassman ya Marekani, wakaunda yao kwa vifaa vilivyopatikana Uingereza. Spika tofauti, sauti ikawa tofauti. Kumbe nalo lilikuwa boksi lisilojulikana! Lilipata jina kwa sababu wanamuziki wa pale walilinunua.

Mnaosema fundi wetu anaiga tu, je, wale hawakuiga? Kuiga ndilo darasa la kwanza la fundi. La pili linahitaji hela. Akikosa ya kununulia transfoma nzuri, kazi ijayo itakuwa mbovu, nanyi mtasema "si tulisema?"

Ndugu zangu wanamuziki, mkishaisifia sauti, ilipieni. Anayebisha aje na hoja, si kicheko.